Kisanduku cha Pili

Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu. Mama Pedali aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaisogeza dirishani penye mwanga, labda macho yake ya miaka hamsini na tisa yanamficha kitu, lakini wapi. Juu palikuwa na nafasi ya jina, chini nafasi ya sahihi, na katikati mstari mmoja: "Mfumo endeshi utakaotumika kwenye kompyuta ya mnukuzi (weka tiki)." Chini ya mstari huo, kisanduku. Pembeni ya kisanduku, maneno "Mfumo wa Baraza." Basi.

"Sasa hapa nachagua nini?" aliuliza.

Karani wa masjala, aliyekuwa akigawa fomu hizo, hata kichwa hakuinua. "Unachagua kuweka tiki, mwenzangu."

Mama Pedali alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu alikuwa amefika kwenye mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa: asiyerudisha fomu iliyojazwa kikamilifu ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo hatapewa tena faili za sauti. Na mnukuzi asiye na faili za sauti ni mtu aliyekaa nyumbani kwake tu.

Baraza lile lilisikiliza migogoro: mipaka ya viwanja, mirathi, majirani na kuta zao. Kila shauri lilirekodiwa, na kila sauti ilibidi igeuzwe maandishi, neno kwa neno, pamoja na vikohozi, na watu waliofanya kazi majumbani mwao kwa kompyuta zao wenyewe. Walikuwa kumi na wanne. Mama Pedali ndiye aliyekuwa mkongwe wao, na kabla ya hapo alikuwa ametumika miaka kumi na miwili kwenye masjala hiyohiyo, akiandika lebo za majalada kwa mkono wake. Maandishi yake yalikuwa yamenyooka hivi kwamba wageni walidhani ni ya mashine.

Jina la Pedali lilitokana na kitu kilichokaa chini ya meza yake nyumbani. Marehemu mume wake alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ya umeme ilipokufa, pedali ilibaki nzima. Mama mmoja fundi wa kompyuta, aliyekuwa na kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, aliifungua pedali hiyo na kuiunganisha na matumbo ya kibodi mbovu. Tangu siku hiyo, ukikanyaga, sauti inacheza. Ukiachia, inasimama na kurudi nyuma sekunde mbili. Wenzake walidhani ni mapambo. Haikuwa mapambo hata kidogo. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kibovu, na akilazimishwa kubonyeza kitufe kila baada ya sekunde tatu, ikifika jioni mkono umevimba na kijiko hakishikiki. Mguu ndio uliokuwa ukimlisha.

Fundi huyohuyo ndiye aliyemwambia habari za mfumo huria. Kompyuta ya Mama Pedali ilikuwa imechoka, kila duka wakimwambia atupe anunue nyingine, na yule fundi akasema hapana, mashine si mbovu, ni mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha kutoka ndani, ndio unaokula kuliko inavyoweza kulisha. Upo mwingine, wa bure, unaoandikwa na watu wa kila pembe ya dunia na kugawiwa kwa yeyote anayetaka. "Lakini sikuwekei," fundi alisema. "Utaweka mwenyewe. Mimi nitakaa hapa nikuangalie." Mama Pedali akaweka. Alikosea mara tatu, ya nne ikakubali, na hatua zote kumi na saba akaziandika kwenye daftari la mistari. Hatua ya tisa aliipigia mstari mara mbili: HAPA USIWE NA HARAKA.

Tuseme ukweli, maana wapo watakaosema mama wa watu alikuwa king'ang'anizi tu. Nyumba anayoishi ilichaguliwa na mume wake. Kazi ya masjala alitafutiwa na baba yake mdogo. Rangi ya sebule, mapazia, hata meno mapya ya pembeni, yote yaliamuliwa na binti yake. Kompyuta ile ndicho kitu cha kwanza alichofungua, akakikagua, akakilinganisha na kingine, halafu akasema: nataka hiki. Humo ndimo alimofanyia kazi, alimowekea picha za mazishi na za harusi, alimoandikia barua kwa dada yake wa mbali, alimochezea karata akisubiri chakula kiive. Miaka saba haijawahi kumgomea. Sasa fomu inamwambia aache, tena inamwambia hivyo bila hata kumuuliza.

Jumamosi binti yake alikuja. Binti huyo alikuwa mkunga, na alizoea kuamrisha kwa sababu kazini kwake asiposikilizwa mtu anaweza kufa.

"Mama, weka tiki yaishe," alisema kabla hajavua viatu. "Nitakununulia mashine mpya. Mtu wa umri wako anabishana na ofisi kwa ajili ya kompyuta?"

"Ningekuwa na umri gani ndiyo nibishane?"

"Mama!"

"Basi leta yako hiyo, tuijaribu. Usije ukasema sikujaribu."

Na kweli alijaribu, hakuna aliyemlazimisha. Kompyuta ya binti ilikuwa na mfumo uleule ulioagizwa na Baraza. Mama Pedali alichomeka pedali, akakanyaga. Kimya. Akachomoa, akachomeka upande wa pili. Kikatokea kijisanduku kikisema kifaa hakitambuliki. Binti naye akaingia kazini, akatafuta huku na kule, akabofya hiki na kile, jasho likamtoka, pedali ikabaki bubu kama kiatu. Basi mama akafanya kazi kwa vidole siku nzima ya Jumapili, kama wanavyofanya wengine. Mchana, katikati ya shauri la ndugu wawili na mfereji, mashine ikatangaza kwamba inajisasisha na mtumiaji asiizime. Mama Pedali alikaa dakika arobaini akiangalia duara likizunguka. Alipomaliza alikuwa na kurasa kumi na moja. Kwa kawaida ya siku hupata thelathini. Mkono ulikuwa umeumuka kama andazi.

Binti aliuona ule mkono. Aliushika kama anavyoshika mikono ya wagonjwa wake, akaubonyeza pole pole, na hakuutaja tena umri wa mtu.

"Sasa utafanyaje?" aliuliza.

"Nitawaandikia. Ni watu wazima, wanajua kusoma."

Akawaandikia kweli. Fomu haikuwa na nafasi ya maelezo, kwa hiyo alitumia ukingo: akaeleza kwa heshima zote, akianza na salamu, kwamba mfumo wake unafungua faili zote za Baraza, kwamba kazi yake haijawahi kuchelewa, kwamba ana pedali na ana mkono. Jumatatu akaipeleka. Jumanne asubuhi ikarudi. Juu yake palipigwa mhuri mwekundu: FOMU IMECHAFULIWA.

Hapo damu ikamchemka. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa Mkuu wa Kumbukumbu, akabisha hodi mara moja, akaingia.

Mkuu alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukukata. Mezani mbele yake palikuwa na lundo la fomu, na pembeni alikuwa amekaa afisa tehama wa ofisi, kijana mpole, mwenye nyaya mfukoni.

"Shikamoo mama," Mkuu alisema. "Karibu. Tatizo ni nini?"

"Marahaba. Tatizo ni hili." Akaiweka fomu yake juu ya lundo. "Nimeandika maelezo, mmenipigia mhuri. Kuna aliyeyasoma?"

"Fomu haiandikwi pembeni, mama."

"Katikati hamkuacha nafasi."

"Ndiyo maana haiandikwi."

Mama Pedali akamgeukia afisa tehama. "Mwanangu, wewe ndiye mtaalamu. Kazi ninazoleta hapa, kuna hata moja uliyoshindwa kuifungua?"

Afisa tehama alijikuna shingo. "Hapana, mama. Zinafunguka zote. Kwa kweli hata usipotumia mfumo wetu, hakuna kinacho—"

"Hatujaulizana kinachofunguka," Mkuu alimkata. "Tunaulizana utaratibu. Mama, nikusaidie uelewe. Makao makuu wanataka fomu. Wanachotambua wao ni kilichomo kwenye fomu. Kilichomo ndani ya fomu kipo, kisichomo hakipo. Mimi si mtu wa kubishana na fomu, na wewe pia usiwe."

"Na mkono wangu?"

"Haumo kwenye fomu."

Alisema hivyo bila ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. Angemtukana, Mama Pedali angempa vidonge vyake palepale wakamalizana. Lakini yule bwana alikuwa anaamini kabisa alichokuwa anasema. Alikuwa hata amesogeza kiti ili kuonyesha ile fomu kwa kidole, kama mwalimu.

"Kama ni faraja," Mkuu aliongeza, "hujakosea peke yako. Kati ya fomu kumi na nne nimezirudisha kumi. Yako imechafuliwa, tisa zimejazwa kwa wino wa bluu. Wino ni mweusi. Karani atatoa kopi nyingine, mtajaza upya."

Mama Pedali alikuwa ameshageuka aondoke. Akasimama.

"Atatoa kopi kutoka wapi?"

"Kutoka wapi tena? Kwenye jalada."

"Ahsante, Mkuu," alisema, kwa sauti laini mno kiasi kwamba afisa tehama aliinua macho.

Ni lazima nieleze jambo moja kuhusu ofisi ile, na wanaofanya kazi kwenye ofisi za namna hiyo watanielewa upesi. Fomu mama huwa haipo. Mtu fulani huiandika mara moja, akachapa nakala kadhaa, kisha haionekani tena duniani. Zikiisha, karani huchukua fomu iliyojazwa iliyo juu kabisa kwenye jalada, anaziba jina, sahihi na tiki kwa vijipande vya karatasi nyeupe, anaiweka kwenye mashine ya fotokopi, na hapo inazaliwa fomu mpya. Mama Pedali alifanya hivyo kwa miaka kumi na miwili. Na aliikumbuka vizuri fomu ya likizo.

Fomu ya likizo iliwahi kuwekewa kikombe cha chai na mtu asiyejulikana. Kikaacha duara, upande wa kulia, chini. Fomu ile ikawa ndiyo iliyokuwa juu ya jalada, ikatolewa kopi, kopi zikajazwa, nazo zikatolewa kopi, na kwa miaka sita watu wote waliomba likizo kwa fomu yenye duara la kikombe. Mwaka wa pili waajiriwa wapya wakaanza kugonga mhuri ndani ya duara, wakidhani ndipo pake. Mwaka wa tatu kulikuwa na afisa mmoja mdogo, mwenye shati la pasi kali, aliyezirudisha fomu zote ambazo mhuri wake ulitoka nje ya duara. Afisa huyo sasa ndiye Mkuu wa Kumbukumbu.

Mama Pedali alichukua nakala safi ya mwisho iliyobaki masjala, akaenda nayo nyumbani, akafuta meza mpaka ikakauka. Alitoa rula. Alitoa kalamu ya wino mweusi. Alikipima kile kisanduku cha Mfumo wa Baraza, upana na urefu, akapima umbali wake kutoka ukingoni, na chini yake akachora kingine. Mstari wa juu, sawa. Wa kushoto, sawa. Wa kulia, sawa. Alipofika kwenye mstari wa chini mkono ulikuwa umeanza kuuma, ukatikisika, na mstari ukapinda kidogo mwishoni. Alitaka kutupa aanze upya, lakini fomu nyingine hakuwa nayo. Akauacha. Pembeni ya kisanduku akaandika kwa mwandiko wake wa lebo za majalada, herufi moja moja: "Mfumo mwingine unaofungua faili za Baraza."

Msije mkasema alighushi. Mtu anayeghushi hujificha. Huyu aliweka tiki ndani ya kisanduku chake mchana kweupe, akaandika jina lake kamili juu, akaweka sahihi yake chini, na tarehe. Alikuwa amechoka kuambiwa achague mahali pasipo na cha kuchagua. Piga ua, kama hawana nafasi yake kwenye karatasi yao, ataichora.

Jumatano, saa mbili kasorobo, alikuwa mlangoni mwa masjala kabla karani hajafungua kufuli. Walikuwa wamefanya kazi meza moja miaka mingi, na walijuana mpaka namna ya kupumua. Karani aliwasha taa, akavaa miwani, akaipokea fomu. Akaisoma mara ya kwanza kwa haraka, kama anavyosoma zote. Kisha akaisoma tena.

"Mwenzangu," alisema, "hii ina visanduku viwili."

"Macho yako mazima, namshukuru Mungu."

"Jana zilikuwa na kimoja."

Mashine ya fotokopi ilikuwa inapata moto, ikinguruma pembeni. Karani aliuangalia ule mwandiko aliokuwa akiuona kila siku kwa miaka kumi na miwili. Akaangalia mkono wa mwenzake, uliofungwa bandeji ya mkunga. Akakohoa.

"Hii si yenye wino wa bluu," alisema hatimaye.

"Mweusi tii."

"Wala haijachafuliwa pembeni."

"Pembeni sijagusa."

"Basi mimi nina fomu safi moja, na nahitaji kopi tisa kabla ya saa nne." Karani akaiweka juu ya jalada, akaipigapiga kwa kiganja, kisha akavuta droo na kutoa mkasi na kile kikopo chake cha vijipande vyeupe. "Nenda zako nyumbani. Una kazi."

Wale tisa walijaza upya Alhamisi, kwa wino mweusi. Hakuna aliyewashawishi. Wengi hata hawakujua kama kulikuwa na vita. Lakini mmoja alikuwa na kompyuta ya mkono wa tatu ambayo isingebeba mfumo mpya hata kwa dawa, mwingine aligawana mashine na mume wake ambaye hakutaka kusikia habari za kubadilisha, mwingine alikuwa na mfumo huria kama Mama Pedali na alikuwa akiuficha kama mtu anayeficha maradhi. Walipoona kisanduku cha pili, walikitazama, wakashusha pumzi, wakaweka tiki. Saba kati ya tisa.

Na Mkuu? Mkuu alizikagua zote mwenyewe, moja baada ya nyingine. Alikagua wino. Aligonga mhuri wake, akaweka sahihi, akazifunga na kuzipeleka makao makuu Ijumaa, siku yenyewe ya mwisho, akajisifu kwa hilo kwenye kikao.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Mama Pedali aliitwa kwa simu, na alipofika, afisa tehama alikuwa amesimama ukutani akijitia hamnazo, huku midomo yake ikipigana na kicheko. Mezani palikuwa na barua.

"Makao makuu wanasema," Mkuu alisoma kwa sauti iliyokauka, "wamepokea fomu kumi na nne zilizojazwa kikamilifu. Wanaelekeza kwamba mifumo yote iliyoorodheshwa kwenye fomu iendelee kutumika. Wanapongeza ofisi yetu kwa kuwapa wanukuzi nafasi ya kuchagua." Akaiweka barua chini. "Mama. Kisanduku hiki kimetoka wapi?"

"Kipo kwenye fomu, Mkuu."

"Sikuuliza kilipo. Nimeuliza kilikotoka."

"Wewe ulinifundisha mwenyewe, hapahapa, huyu mwanangu ni shahidi. Kilichomo ndani ya fomu kipo."

Uso ulimwiva Mkuu. "Naweza kuandika fomu nyingine leo hii! Yenye kisanduku kimoja!"

"Unaweza," Mama Pedali alisema, naye sasa sauti ikapanda, maana kuna wakati heshima inatosha. "Andika. Halafu uwaandikie makao makuu kwamba fomu kumi na nne ulizozigonga mhuri hukuzisoma. Mimi nilikuja humu na mkono wangu, ukaniambia haumo. Sasa umo. Uangalie vizuri, Mkuu, umo kwenye kila nakala mpya. Ukitaka kuutoa, utoe wewe, kwa sahihi yako."

Nje, mashine ya fotokopi ilikuwa ikitema karatasi moja baada ya nyingine. Afisa tehama aliangalia viatu vyake. Mkuu alivuta bahasha ya flashi kutoka kwenye droo, ile yenye faili za sauti za wiki, akaisukuma juu ya meza bila kumtazama.

"Shauri la kisima," alisema. "Jumatatu."

"Litakuwa tayari Jumapili."

Alipopita masjala, karani alikuwa ametoa rundo la fomu mpya kwa ajili ya wanukuzi watakaoajiriwa mwaka ujao. Mama Pedali alichukua moja, akaisogeza dirishani penye mwanga. Visanduku viwili, kimoja juu ya kingine, herufi zake na herufi za mashine bega kwa bega. Mstari wa chini wa kile cha pili ulikuwa umepinda kidogo mwishoni, pale mkono ulipomuuma, na ulikuwa umepinda hivyohivyo kwenye kila karatasi ya rundo lile.